Neno Aliloliruka Jerono

Wifi yangu Jerono alinipigia simu Alhamisi, naanika nguo, akaniambia Jumapili nifike kwake Munyaka pamoja na mume wangu, na nije na uji. Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza uji wa nani, kuna mtoto? Akasema ni wa kunywa, uji wa wimbi, na niupike mimi mwenyewe, si msichana wa kazi. Halafu akakata simu bila kuaga, kwa sababu Jerono hata akiomba huomba kama anayetoa amri. Nilibaki na shati la mume wangu Kimutai mkononi, maji yakinichuruzikia miguuni. Tangu niolewe na kaka yake, mwanamke huyu hajawahi kuniomba chakula. Wala hajawahi kukikataa kwa ubaya. Husema tu ameshiba. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alikuja ameshiba. Tulipohamia nyumba yetu alikuja ameshiba, na kwenye harusi ya kijana wetu alishiba kabla sufuria hazijafunuliwa. Mtu wa kushiba namna hiyo angekuwa mnene, lakini Jerono hajawahi kunenepa, na mwaka huu nimeona amepungua hata ule mwili kidogo aliokuwa nao. Krismasi iliyopita alikunywa supu peke yake, na nyama akawapa wajukuu.

Basi tangu Alhamisi sikutulia. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilinunua unga wa wimbi, nikaona si mzuri, nikarudi sokoni kununua mwingine. Kimutai akaniambia nikae, namchosha macho. Lakini mimi sikai, na yeye anajua. Wakati wa chakula napakua, nafuta meza, narudi jikoni kutazama moto ambao hauna haja ya kutazamwa, kisha nakula nimesimama karibu na sinki. Watoto wangu wamekua wakidhani ndiyo bidii ya mama yao, na binti yangu ananiiga, jambo linaloniuma kila nikimwona. Si bidii. Ni mwaka mmoja tu, mwaka ambao nilikuwa na miaka ishirini na minne, bibi arusi mpya mtaani Kapsoya, na kula kwangu kukaharibika humo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili vya kupanga na jiko la nje lenye mabati yaliyoshika masizi. Chumba kimoja kilikuwa chetu. Kile kingine, chenye dirisha linalotazama mfereji wa maji, tulimpa mama mkwe wangu, Mama Salina, alipotoka shambani Moiben kuja mjini kutibiwa meno. Yeye ndiye aliyesema ni meno, nasi tukaamini, maana alikuwa anatafuna polepole mno. Alinipenda, na sisemi hivyo kujipamba. Alinitania kila siku kuhusu ugali wangu, kwamba sisi watu wa Bungoma tunapika ugali wa kujengea nyumba, na mimi nikawa nausonga mgumu zaidi makusudi ili anitanie tena. Tulikula sote watatu kwenye meza ndogo iliyokuwa pia ya kupigia pasi, ugali na mboga chungu ya saga, siku nyingine maharagwe, na siku ya mshahara nyama ya kuchemsha. Hapo mezani ndipo nilipoanza kumwona. Alikata tonge dogo, akatafuna, akameza, kisha akatulia kabisa, macho ukutani, mkono kifuani, kama mtu anayesubiri mgeni apite mlangoni. Akanywa maji kidogo. Mara nyingine lilipita. Mara nyingine aliinuka kwa heshima zake zote akatoka nje, na mimi nikasikia kule mferejini chakula changu kikirudi.

Nilipunguza ugumu wa ugali. Nilikatakata mboga mpaka ikawa kama dawa ya kienyeji. Nilibadilisha mafuta, nikabadilisha duka la unga. Ilikuwa kazi bure, na kila siku nilikaa mezani nikimtazama shingo badala ya kula, mpaka Mama Salina akanigeuzia mgongo akawa anakula akitazama ukuta, kwa kuwa macho yangu yalimtia aibu. Jumamosi moja Jerono alikuja kutoka Moiben. Kule kwao binti aliyeolewa harudi kwa mama yake mikono mitupu, na Jerono alileta mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye mkaa, aliyoyagandisha kwa mkono wake. Mama Salina alikunywa kikombe, akaomba cha pili. Yalipita yote. Jerono akakaa pale kitandani amemshikilia mama yake mgongo, uso umejaa furaha, halafu akanitazama nikiwa nimesimama mlangoni na sahani ya ugali, na ile furaha ikaondoka usoni pake. Mimi mwenyewe niliona alichokiona. Mke wa kijana anapika ugali kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake nyumbani. Binti analeta maziwa kwa sababu hiyo ndiyo heshima yake. Chakula cha mmoja kinarudi, cha mwingine kinakaa.

Hakuna aliyetaja uchawi. Watu wa kanisa hawalitaji neno hilo kirahisi. Walisema mkono. Nilimsikia Jerono pale mferejini akiongea na shangazi yake, nami niko jikoni nimeshika sufuria ya moto na siwezi kuiweka chini, maana wangejua nipo. "Yangu inapita," alisema. "Yake inarudi. Sasa wewe unaona nini hapo?" Shangazi akasema pengine mkono wangu haukubaliki katika nyumba ile, kuna mikono ya namna hiyo, si kosa la mtu. Hilo la kusema si kosa langu ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu kosa unaweza kuliombea msamaha, lakini mkono utaupeleka wapi? Wiki hiyo hiyo Mzee Elijah, baba mdogo wa mume wangu, alimwita Kimutai akamshauri anipeleke kwetu nipumzike kidogo. Kila mwanamke aliyeolewa anaujua upumziko huo. Unaenda na begi moja na yale mengine yanaletwa baadaye.

Kimutai, ambaye husema maneno machache na huyasema yakiwa yamechelewa, safari hii hakuchelewa. Alisema kabla mtu yeyote hajapumzika, mama yake aende hospitali kubwa, na akaniambia niingie naye kwa daktari, kwa vile mimi ndiye niliyempikia. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyevaa sweta juu ya koti jeupe, baridi ya Julai. Hakuuliza juu ya meno. Aliniuliza mimi, si mgonjwa, ni kitu gani kinapita na ni kitu gani kinarudi. Nikajua nimefikishwa mahakamani. Nikamwambia ukweli wote, kwamba maziwa ya wifi yangu yanapita na ugali wangu unarudi, nikaanza kulia. Yule daktari akanitazama bila kuelewa kilichonipata. Akasema hivyo ndivyo ilivyo, ndivyo ugonjwa wenyewe unavyoanza, kigumu kinakwama na cha majimaji kinapita, na baada ya vipimo akatuambia jina lake. Stenosisi ya umio. Yaani njia inayopitisha chakula kutoka kooni kwenda tumboni, ambayo inapaswa kupanuka, imesinyaa. Kwa Mama Salina ilisinyazwa na uvimbe uliokuwa umekomaa, na daktari alimwambia Kimutai pembeni kwamba wamechelewa. Nimebeba aibu moja tangu siku ile, kwamba nilisikia habari ya kifo cha mtu niliyempenda na kitu cha kwanza kuniingia moyoni kikawa nafuu.

Nyumbani Jerono alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema madaktari wana jina kwa kila kitu na jina halijawahi kumshibisha mtu. Akahamia. Aliweka mkeka wake chini, kando ya kitanda cha mama yake, akashika jiko, na akaniambia kwa upole kabisa kwamba tangu siku ile yeye ndiye atakayemlisha, mimi niende kazini kwangu nisijichoshe. Kwa hiyo yule ambaye chakula chake kilipita aliendelea kupika vya kupita, uji, maziwa, mchuzi wa mifupa, na mimi sikupewa nafasi ya kupika hata chai. Ungeuliza mtu yeyote Kapsoya angekuambia Jerono anamrudishia mama yake afya.

Kazi yangu ilikuwa mjini, katika chumba cha kuchapa barua juu ya duka la mbegu, tukiwa na mashine mbili za taipu na mwenye ofisi, Mama Rhoda, aliyekunywa chai tangu kufungua mpaka kufunga. Watu walikuja na shida zao tukawaandikia kwa maneno safi. Humo ndimo lile neno lilimonishika. Nilikuwa naliona kila mahali na kuliandika kila mahali. Mpangaji mmoja wa Huruma alikuja kulalamika kwamba mtaro wa ploti yao umejaa taka, nikamwandikia kwa baraza la mji kwamba mtaro umepata stenosisi, na nikaeleza maana yake mstari wa pili, kwamba ni pale njia ya kitu inaposinyaa, kikawa hakipiti ila kilicho chepesi. Niliandika vivyo hivyo katika kumbukumbu za kikundi cha akina mama kanisani, kuhusu mlango wa nyuma uliozuiwa na mabenchi. Mama Rhoda alivumilia kidogo, halafu akasogeza kikombe chake. "Nafula, huyu mtu amekuja na mambo ya mtaro," aliniambia. "Mbona unampeleka tieta kupasuliwa?" Tulicheka. Lakini sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa najizoeza. Nilitaka neno lile lizoeleke, lieleweke na mwenye duka na mwenye mkokoteni, lishuke kutoka hospitali mpaka mferejini pale Kapsoya, kwa kuwa mferejini ndipo nilipokuwa nimehukumiwa. Hata leo mtu akiniambia neno la kitaalamu halina kazi katika maandishi ya kawaida, namuuliza yeye huwa anaugulia wapi, hospitali au nyumbani.

Siku moja, Jerono akiwa ameenda sokoni, Mama Salina alikuja jikoni akijishikilia ukutani. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Akakaa kwenye kigoda changu, akaniambia nimpikie uji. Nilimwambia Jerono atakasirika. Akaniambia yeye ndiye aliyemzaa Jerono. Nikachekecha unga, nikakoroga, nikaupoza kwa kuumimina kikombe kwa kikombe, na nusu ukamwagika chini. Akanywa. Nilisimama pale nimejishika shingo yangu mwenyewe. Ukapita. Akanywa mpaka akageuza kikombe kunionyesha kitako chake, kama mtoto.

"Umeona?" alisema. "Si mkono yako. Ni njia."

Nikapiga magoti nikalia mapajani pake, na yeye akanipapasa kichwa, akasema mimi ndiye ninayejua kuandika, kwa hiyo niwaandikie hivyo. Hapakuwa na mtu mwingine jikoni. Kikombe nilikiosha haraka kabla Jerono hajarudi, na mara nyingi nimejiuliza kwa nini nilikiosha.

Alifariki mvua zilipoanza. Kamati ya mazishi ilikaa chini ya turubai kule Moiben, na kwa kuwa nilikuwa mchapaji, Mzee Elijah alinipa wasifu wa marehemu nikauchape. Kuhusu ugonjwa walikuwa wameandika kwamba aliugua kwa muda mfupi. Nilirudi kwake nikiwa na ile karatasi, nikapiga magoti, nikamwomba mstari mmoja wa kusema ukweli. Alikataa. Alisema koo la mama wa watu halifunguliwi mbele ya wakwe zake, na nilielewa, hata leo naelewa, maana ilikuwa heshima yake kwa shemeji yake. Nikamwambia Mama mwenyewe ndiye aliyeniagiza. Nadhani alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyetaka nikapumzike. "Weka," akasema. "Lakini weka na adabu." Nikarudi mjini, nikachapa mstari ambao naujua kwa moyo: Mama aliugua stenosisi ya umio, yaani njia ya chakula ilisinyaa mwilini mwake, ikawa inapitisha maziwa na kukataa ugali, hata uwe umepikwa na nani.

Siku hizo hatukuwa na vijitabu vya rangi vyenye picha. Nakala ilikuwa moja, na msomaji alikuwa binti mkubwa, Jerono. Alisoma vizuri, sauti imara. Alisoma kuzaliwa, ndoa, watoto, wokovu. Nilikuwa nimesimama karibu na sufuria pamoja na wanawake wa kupakua, kijiko mkononi, nikihesabu aya zilizobaki. Akafika kwenye mstari wangu. Niliona macho yake yakienda upande huu wa karatasi na kurudi, yakisoma mstari wote, kisha akainua kichwa na kuendelea na nyimbo alizozipenda marehemu. Mzee Elijah alitazama kofia yake. Siku ya kuzika msomaji hasahihishwi. Baadaye nilipopita na sahani, watu wa nyumba ile walinishukuru mmoja mmoja, wakasema wameshiba. Kimutai peke yake alichukua, akala zake, akala na za watu wawili, mpaka akaugua tumbo. Kwa hiyo sikupelekwa kwetu kupumzika. Nilibaki, nikazaa, nikazeeka katika ukoo huo, na hakuna aliyenikosea adabu hata mara moja. Wameshiba tu.

Jumapili basi nikaingia Munyaka na chupa yangu ya uji. Jerono alikuwa amewaita wote, wanawe, wajukuu, hata Mzee Elijah, ambaye sasa hasikii vizuri na hubebwa mpaka kwenye kiti. Hakuruhusu binti yake Chela aguse sufuria. Alisonga ugali mwenyewe, kila mtu akimwona, akatoka jasho, akauweka mezani. Baada ya sala akakata tonge, akatafuna, akameza. Kisha akatulia, macho ukutani, mkono kifuani. Nilisimama kabla sijajua nasimama. Nilikuwa nimekutana na macho hayo zamani, katika uso mwingine unaofanana na huo. Alikunywa maji. Akainuka kwa heshima zake zote akatoka nje, na sote tukasikia. Wajukuu wakaacha kula. Aliporudi alijifuta mdomo, akakaa, akanisogezea kikombe bila kunitazama. Nikamimina. Safari hii mikono yangu haikumwaga, sijui kwa nini. Akanywa polepole, ukapita, akanywa wote.

"Hii ugali nimepika mimi," aliwaambia. "Mmeona imerudi. Na uji ya Nafula imepita." Akasema alishaenda hospitali, amekuta ni ugonjwa uleule wa njia, ila kwake yeye si uvimbe, ni kovu la asidi ya tumbo, na wiki ijayo wataipanua kwa mpira wa kuingizwa kooni. Ikishindikana watajaribu tena. Halafu akafumba macho, akausema ule mstari. Mama aliugua stenosisi ya umio. Aliusema wote, neno kwa neno, mpaka hata uwe umepikwa na nani, hakukosea mahali.

Nilimuuliza kwa nini aliuruka. Miaka yote hiyo, kwa nini.

"Mama aliniambia alikunywa uji yako," alisema. "Aliniambia ilikuwa tamu. Nafula, mimi nilikuwa nimeacha watoto wangu Moiben. Nililala chini pale. Nilikuwa najua ni mursik yangu inamweka hai. Sasa kama ni njia tu, mimi nilikuwa nafanya nini?"

Hakuomba msamaha, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi kumnyima. Nilikasirika, nataka ieleweke kwamba nilikasirika sana, na papo hapo nilikuwa natazama shingo yake iliyokonda na kuomba ule mpira wa hospitali upite. Kutoka kwenye kiti chake Mzee Elijah, ambaye sikujua amesikia kiasi gani, alinyoosha kikombe, akauliza kama uji umebaki. Chela naye akanyoosha chake, na mjukuu mmoja, na mwingine. Chupa ikaisha. Nikageuka kwenda jikoni kupika mwingine, kama kawaida yangu.

"Keti," Jerono akasema. "Atapika Chela."

Kimutai akanivutia kiti. Nikaketi, mbele yangu kuna sahani, na nikala ugali wa wifi yangu, mgumu, wa kujengea nyumba.